Keychron V1 kwa mpiga chapa wa Kifaransa Lubumbashi: uzoefu wangu

Ninapiga chapa kwa malipo. Ofisi yangu ya sekretaria iko hapa Lubumbashi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta TFC (kazi za kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) na memwari (tasnifu) zilizoandikwa kwa mkono, zote Kifaransa. Kibodi kwangu ni chombo cha kazi kwanza. Lakini mapenzi nayo yameingia: jioni umeme ukiwepo nachomoa swichi, yaani vile vipande vinavyobonyea chini ya kila kitufe, nazipaka grisi kidogo, nazirudisha na kusikiliza zimebadilika vipi.

Iliyo mezani sasa ni Keychron V1. Ni ya waya, ganda lake plastiki, ukubwa ambao wapenzi wa kibodi huita asilimia 75: F1 hadi F12 zipo, mishale ipo, safu ya namba ya kulia haipo. Nilichagua plastiki kwa sababu mzigo wa ndege unalipiwa kwa kilo, na Q1 ya kampuni hiyohiyo, ya aluminiamu, ni nzito zaidi.

Kilichoniteka moyo ni soketi. Kila swichi inachomoka kwa koleo ndogo na nyingine inaingia, bila kulehemu. Kiangazi cha huku kina vumbi jekundu linalopenya kila mahali. Kitufe kikianza kukwama au kuandika herufi mara mbili, nabadilisha swichi hiyo moja tu huku mteja angali amekaa kwenye benchi. Wala hulazimiki kutafuta swichi za kampuni moja. Cherry ya Ujerumani ilileta swichi zake za MX miaka ya 1980, na hataza yake ilipokwisha, Gateron, Kailh na wengine walitengeneza zenye umbo lilelile. Mfuko wa swichi ni mwepesi, ndugu anayetoka Dubai hawezi kukukatalia.

Ninatumia swichi za kahawia, zenye kinundu ambacho kidole kinakihisi katikati ya mbonyezo. Nyekundu hushuka bila kizuizi, na wanaozipenda ni wengi. Bluu zinalia sana. Kwenye chumba cha watu kadhaa ni kuwaonea wenzako.

Sasa AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa unaoanza na A, Z, E badala ya Q, W, E za QWERTY ya Kiingereza, jambo ambalo anayeandika Kiingereza hana haja ya kuliwaza. Yangu ni ya mpangilio wa Kimarekani, ANSI. AZERTY ya Ufaransa inataka ISO, yenye kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na W, ambako hukaa alama za < na >. Kwenye ANSI kitufe hicho hakipo. Dawa yake ni VIA, programu inayofunguka ndani ya Chrome: nimekiweka kitufe hicho kwenye tabaka la pili, yaani kazi ya ziada ya vitufe inayoamka ukishika Fn, nakipata kwa Fn pamoja na W. Kwenye tabaka hilohilo nimepanga namba chini ya mkono wa kulia, kwa sababu AZERTY inadai Shift kwa kila tarakimu, na memwari ya uchumi imejaa majedwali ya namba. Mpangilio unahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe. Nikiihamishia kwenye kompyuta nyingine nakuta kila kitu mahali pake, mradi kompyuta hiyo imewekwa Kifaransa.

Vifuniko vya vitufe vilivyokuja nayo ni vya PBT, plastiki isiyong'aa upesi kwa jasho la vidole, na herufi zake hazifutiki. Tatizo ni kwamba kila mstari una mwinamo wake. Ukihamisha A kwenda mahali pa Q, kidole kinagonga ukingo. Nilinunua seti ya XDA, ambayo mistari yote ina kimo kimoja, nikabadilishana A na Q, Z na W, nikaiweka M kulia kwa L. Tangu hapo wanafunzi wanaosubiri wanaomba kuijaribu: "Yaya, hii klavie yako iko na sauti nzuri!" Ninawaachia, na furaha yao naielewa kabisa.

Kama kazi yako ni hesabu za duka kutwa nzima, tafuta kibodi yenye safu kamili ya namba. Kama ni maandishi ya Kifaransa, V1 naipendekeza bila kusita, na ukiweza kuipata ya ISO, lipa nyongeza. Agiza pamoja nayo swichi kumi za akiba, vifuniko vya XDA na koleo la pili, vyote kwenye mzigo mmoja.