Nilikwenda kumtazama Ai Weiwei, nikatazama pazia

Niseme mapema ili asiyependa kelele aishie hapa: nimekasirika, na hasira haijanitoka tangu usiku ule. Filamu ni Ai Weiwei: Never Sorry ya Alison Klayman, iliyotoka 2012, inayomfuatilia Ai Weiwei, msanii wa China anayeikosoa serikali ya nchi yake. Kwa muda mrefu nilitaka kuiona ukumbini, gizani, katikati ya watu, si kwenye simu kitandani. Nikakata tiketi, nikawahi, nikakaa safu ya tatu.

Inaanza na paka. Huyu msanii wakati ule alikuwa akifuga paka wapatao arobaini nyumbani kwake Beijing, na kati yao ni mmoja tu aliyejua kufungua mlango: anaruka, ananing'inia kwenye kitasa, mlango huo unaachia. Ukumbi mzima ukacheka. Paka hahitaji mkalimani. Shida ilianza Kichina kilipoanza.

Maana watu wengi humo ndani wanaongea Kichina, na tafsiri inapita chini ya picha. Sasa picha yenyewe ilikuwa imetegwa vibaya, imezidi skrini, ukingo wote wa chini ukaangukia kwenye pazia jeusi. Maneno yakamezwa. Ukikodoa sana uliambulia vichwa vya herufi ndefu, l na t na h, kama watu wanaozama wamebakiza vidole juu ya maji.

Nikavumilia dakika kumi hivi. Halafu nikainuka, nikainama ili nisiwazibe wenzangu, nikaenda nyuma kwa kijana wa mitambo.

"Mwanangu, picha imeshuka. Maandishi hayasomeki."

Hakuinua uso kwenye simu yake. "Mama, kakae tu. Wenzako wote wanaona."

"Wanaona picha. Hawasomi."

"Sasa kama ni kusoma si ungenunua kitabu?"

Nilisimama pale nikitafuta la kumjibu na sikulipata. Nimelipata juzi nikiosha vyombo, lakini siyo la kuandika hapa.

Nikarudi kukaa, na hapo ndipo ilipofika sehemu ya Sichuan, jimbo la China. Lile tetemeko la ardhi la Mei 12, 2008 liliua watu karibu 70,000, na miongoni mwao watoto maelfu waliofukiwa na shule zao wenyewe, shule zilizojengwa hovyo mpaka Wachina wakaziita makapi ya tofu, yaani mabaki ya soya yanayobomoka ukiyagusa. Serikali haikutaka majina ya watoto yajulikane. Ai akakusanya watu wa kujitolea, wakazunguka kwa wazazi wakiuliza mambo ya kawaida kabisa: mwanao aliitwa nani, alizaliwa lini, alikuwa darasa la ngapi. Wakapata majina zaidi ya 5,000, yakabandikwa ukutani kwenye ofisi yake, karatasi baada ya karatasi.

Kisha ukatokea ukuta mwingine, wa jumba la sanaa la Haus der Kunst kule Munich, Ujerumani, mwaka 2009, umefunikwa mabegi ya shule 9,000 ya rangi mbalimbali. Mabegi yamepangwa yakawa herufi za Kichina, sentensi moja kubwa mbele ya jengo. Inasema nini? Kama palikuwa na maelezo, yalikuwa kwenye pazia. Mimi nikaona rangi. Nikasema lo, pamependeza. Ndiyo, nilisema pamependeza, na sijamsamehe yule kijana kwa neno hilo. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni maneno ya mama mmoja aliyefiwa na bintiye: aliishi kwa furaha miaka saba katika dunia hii.

Mzee aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Huyu bwana naye anapenda kamera mno." Nilitaka kumbishia. Lakini hakukosea sana. Mwongozaji anampenda Ai, na mapenzi hayo yanaonekana. Linapokuja suala la mtoto aliyezaa nje na mwanamke asiye mkewe, maswali yanakuwa ya upole ghafla na tunahamia mambo mengine. Mtu anayewabana polisi namna ile naye angebanwa kidogo. Hapo nilishapunguza nyota moja, na nyingine ilishaenda na pazia.

Halafu nikairudisha, kwa sababu ya Chengdu, mji mkuu wa Sichuan. Agosti 2009 Ai alikwenda huko kutoa ushahidi kwenye kesi ya Tan Zuoren, mwanaharakati aliyekuwa akifuatilia mambo ya shule hizohizo. Polisi wakamvamia hotelini usiku, akapigwa kichwani. Wiki chache baadaye, akiwa Munich, madaktari wakalazimika kumpasua kwa sababu damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Akapona, akarudi Chengdu kufanya nini? Kuandikisha malalamiko! Kwa polisi walewale. Anaingia ofisi hii, anaelekezwa ile. Watu wake wanawapiga polisi video, na polisi nao wanampiga yeye video. Anajua vizuri kwamba hakuna atakachopata, na bado anataka karatasi ijazwe.

Najua ni aibu kulinganisha fuvu la mtu na pazia la ukumbi. Lakini nilikuwa nimekaa pale na tiketi mkononi, damu inachemka, nikasema leo kitabu cha malalamiko nitakitafuta.

Mwisho niliusikia wote, maana aliongea Kiingereza. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Beijing Aprili 3, 2011, akafichwa siku 81. Anarudi usiku, waandishi wamejaa getini, na mtu aliyekuwa hanyamazi anawaambia hawezi kuzungumza, yuko nje kwa dhamana, wamwelewe tu. Anafunga geti. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, hata mzee wangu. Yule kijana akawasha taa zote palepale, majina ya waliotengeneza filamu hayajaanza hata kupita.

Mlangoni nikaomba kitabu. Dada wa tiketi akanitolea, kizuri, cha jalada gumu. "Kalamu hamna, mama."

Nikarudi nyumbani nikaandika nyota moja. Kisha nikailipia tena filamu hiyohiyo na kuitazama kwenye kompyuta, maandishi yote yakiwa mahali pake, na nikaona aibu kwa vitu nilivyopitwa. Mama yake Ai, bibi Gao Ying: ukumbini nilidhani anamsema mwanawe kwa mambo ya nyumbani, kumbe ni hofu tupu, ni mzazi anayemwogopea mtoto. Nikafuta nyota moja nikaweka nne. Nikikumbuka mabegi narudi kwenye tatu. Leo ni nne. Mwenye kutaka kuitazama aitazame, ila asogee kwanza ahakikishe anaona chini ya picha.

Ukumbi siupi kitu. Nilirudi siku nyingine na kalamu yangu mwenyewe. Yule dada akanitazama, akasema kitabu kiko kwa meneja, na meneja ametoka. Nikamwuliza anarudi lini, nikavuta kiti.