Mkataba wa Simu Ukiisha: Machaguo Manne, Kuanzia Lenye Nafuu Zaidi

Malipo ya kila mwezi ya mkataba hubeba vitu viwili: bei ya simu yenyewe na kifurushi cha dakika na data. Miezi ya mkataba ikikamilika, simu umeshaimaliza kuilipa. Hata hivyo, baadhi ya kampuni huendelea kukata kiasi kilekile mpaka mteja aseme.

1. Baki na simu yako, lipia laini tu

Kwa watu wengi hili ndilo bora. Kagua kwanza masasisho ya usalama: mipangilio ya simu huonyesha tarehe ya sasisho la mwisho, na tovuti ya mtengenezaji hueleza yatakoma lini. Pixel 8 na Galaxy S24 ziliahidiwa miaka 7, kwa hiyo ya miaka 2 bado ni changa.

Kisha betri. Uwezo ukishuka chini ya asilimia 80, chaji haikai, na simu inaweza kuzimika ghafla huku ikionyesha chaji ipo, hasa kwenye baridi. Wengi huitupa simu nzima hapo, na inatuuma, maana betri hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Ikiwa imevimba mpaka kioo kinainuka, usiichaji tena; ipeleke kwa fundi.

Kifurushi kipime kwa matumizi: angalia data ya miezi 3 iliyopita, chukua mwezi uliotumia zaidi, ongeza robo. Aliyefikia GB 8 anatosheka na GB 10. Chukua cha mwezi mmoja mmoja, ili uweze kuhama wakati wowote.

Ukihamia mtandao mwingine, fuata mpangilio huu. Omba simu ifunguliwe ili ikubali laini za mitandao mingine, kisha ijaribu kwa laini ya mtandao tofauti. Omba namba ihamishwe. Usivunje mkataba wa zamani kabla namba haijahama: ukitangulia kuuvunja, namba inaweza kupotea, na nambari za siri ambazo benki hukutumia kwa ujumbe hazitakufikia.

2. Nunua simu iliyotumika kwa taslimu, pamoja na laini

Inafaa kama yako haipati tena masasisho. Bonyeza *#06#: IMEI (namba ya utambulisho wa simu) yenye tarakimu 15 ilingane na iliyo kwenye boksi. Muuzaji aondoe akaunti yake (ya Google au Apple) mbele yako kabla ya kuifuta simu. Akiifuta bila kuiondoa, itadai nenosiri lake nawe utabaki na kioo kitupu. Dai garantii ya maandishi.

3. Mkataba mpya wenye simu

Piga hesabu: malipo ya mwezi mara idadi ya miezi, jumlisha kianzio, kisha toa gharama ya laini pekee kwa miezi hiyohiyo. Kinachobaki ndiyo bei halisi ya simu. Kikikaribia bei ya taslimu, mkataba ni sawa kabisa. Kikiizidi sana, unalipa riba isiyotajwa. Soma pia kifungu cha kupandisha bei katikati ya mkataba.

4. Kukaa kimya

Hapa unalipia simu ambayo tayari ni yako. Mikataba mingi hutaka notisi, mara nyingi ya siku 30, hivyo piga simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho na uombe uthibitisho wa maandishi.