Walimrudisha mwanangu bila chanjo ya surua

Kwa kila jirani mwenye mtoto mchanga hapa Arua, Uganda, nimekuwa nikiisifu huduma ya chanjo ya serikali, na sifa hizo nilizitoa kwa moyo mmoja mpaka mwanangu alipotimiza miezi tisa, nikampeleka kupata sindano ya surua na rubela, naye akarudishwa nyumbani bila kuchanjwa. Jina la kituo silitaji.

Tulikuwa akina mama wanne kwenye benchi. Muuguzi alizikusanya kadi zetu, akazihesabu kwa kidole gumba, kisha akaturudishia na kutuambia tuje wiki inayofuata tukiwa wengi. Nilipomweleza kwa adabu, "Sista, mtoto ametimiza miezi tisa, na mtaani kwetu kuna watoto wenye homa na vipele," alinijibu bila kuinua macho: "Mama, unataka nimwage dozi sita kwa ajili yenu? Wilayani utajibu wewe?"

Hofu yake naielewa. Chanjo hiyo huja ikiwa unga ndani ya kichupa ambacho mara nyingi kina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake maalumu sharti itumike ndani ya saa 6; inayobaki hutupwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linahimiza kichupa kifunguliwe hata akifika mtoto mmoja, kwa kuwa dawa iliyomwagwa huletwa nyingine, ilhali surua haimsubiri mtoto. Kirusi chake huweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ni ugonjwa unaoleta nimonia na upofu, na dhidi yake tuliambiwa tungoje tuwe wengi!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamwagiza mzazi kuhakikisha mtoto wake amechanjwa, na mtoto asiyechanjwa anaweza kukwama siku ya kuandikishwa shule. Sisi tulitii, tukafika, tukafukuzwa. Mmoja wetu, aliyetoka mbali kwa boda, aliikunja kadi ndani ya kitenge chake akisema kwamba mumewe hatatoa nauli mara ya pili. Tangu hapo sijamwona pale, na sijui kama mwanawe alichanjwa.

Ningaliandika siku ile, ningalimwambia kila mzazi akikwepe kituo hicho. Hata hivyo haki isemwe: niliporudi nilimkuta muuguzi mwingine, kijana mpole, ambaye alifungua kichupa tukiwa wawili tu, akaandika kwenye lebo saa aliyoichanganya dawa, akamchoma mwanangu na ile ya homa ya manjano siku hiyohiyo, kisha akanieleza kwamba homa kidogo au vipele vinaweza kutokea baada ya wiki moja hivi na nisishtuke. Watu wa kituo hichohicho ndio waliokwenda shuleni kumchanja binti yangu wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na walimweleza vizuri hata akaja nyumbani kunifundisha mimi. Kwa kazi hiyo nawashukuru kwa dhati.

Nilidhani shukrani hiyo ingenituliza, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyopanda, kwa sababu ikiwa yule kijana aliweza kufungua kichupa kwa ajili ya watoto wawili, basi kilichotuzuia sisi wanne hakikuwa kanuni bali mtu mmoja na kauli yake. Mwanangu anatakiwa kupata dozi ya pili ya surua na rubela akifikisha miezi 18. Nitampeleka palepale, maana hakuna kituo kingine karibu, na nikiambiwa tena tungoje tuwe wengi, sitainuka kwenye lile benchi mpaka msimamizi wa kituo aje anieleze mwenyewe.