Boksi au bledi, na ya futi ngapi? Kuchagua kifaa cha kusawazisha barabara kwa trekta ndogo

Mvua ya masika ikishapita, barabara za ndani kule Ruai na Kamulu, mashariki mwa Nairobi, hubaki na mifereji ya magurudumu inayokwaruza tumbo la gari dogo. Kukodi greda kubwa kwa kipande cha mita 300 ni gharama ambayo majirani hawachangi mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana wenye trekta za nguvu farasi 25 hadi 40 wanatafuta kifaa cha kufunga nyuma: boksi, yaani sanduku la chuma lililo wazi mbele lenye meno na bledi, au bledi, yaani ubapa wa chuma wa kukwangua udongo. Swali lao la kwanza huwa ni upana. Karibu wote wanataka kipana kupita kiasi.

Najua kwa sababu nilianza hivyo hivyo. Nilinunua boksi la futi 7 kwa trekta ya nguvu farasi 30, muuzaji akinihakikishia kwamba kikubwa ndicho kinachomaliza kazi. Siku ya kwanza kwenye murram kavu, boksi lilipojaa, magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale yakachimba mashimo mawili ya kina cha kiganja. Nikiinua boksi, trekta inanyanyuka mbele na usukani haushiki. Jioni ile barabara ilikuwa na mawimbi kuliko nilivyoikuta.

Kwa hiyo kabla ya kufika dukani, chukua tepu. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kushoto hadi ukingo wa nje wa lile la kulia. Kifaa chako kipite kipimo hicho kwa inchi mbili tatu kila upande, kisiache alama za tairi kwenye udongo uliokwisha kuulainisha. Kisha gawanya nguvu farasi za trekta kwa 5. Jibu ni futi ambazo hupaswi kuzivuka: nguvu farasi 30 mwisho wake ni futi 6, na 25 mwisho wake ni futi 5. Kama trekta yako ni nyepesi au haivuti kwa magurudumu yote manne, shuka kidogo chini ya hapo.

Namba moja: boksi la futi 5

Kwa trekta nyingi za kiasi hiki ningenunua hili bila kusita. Boksi hubeba udongo kutoka penye kilima na kuumwaga kwenye shimo, na meno yake huvunja murram iliyoshikana kama saruji. Siri iko kwenye toplinki, ule mkono wa juu wa katikati unaounganisha kifaa na trekta. Ukiifupisha, boksi huinama mbele na meno yanauma. Ukiirefusha, bledi ya nyuma ndiyo inayogusa chini na inapiga pasi tu. Barabara ya mita 4 utaimaliza kwa mipito mitatu. Boksi la futi 7 lingetumia miwili. Tofauti ni mpito mmoja, na kwa huo mmoja watu wanaua klachi. Chukua futi 6 ikiwa tu una nguvu farasi 30 au zaidi na tepu imekuonyesha matairi yako ni mapana.

Namba mbili: bledi ya nyuma inayogeuka, futi 6

Hapa, ajabu, pana kidogo ni sawa. Bledi hii hufanya kazi ikiwa imekaa mshazari, na ukiigeuza digrii 30, ile ya futi 6 inafagia futi 5 na inchi mbili hivi. Ya futi 5 ingebaki futi 4 na inchi nne, tairi likapita nje yake. Kwa udongo mweusi unaonata, ule wa Kitengela na sehemu nyingi za Embakasi, bledi hii hulishinda boksi, kwa sababu udongo huteleza pembeni badala ya kujazana ndani. Pia ndiyo inayochonga mtaro na kuinua mgongo wa barabara ili maji yakimbilie kando. Usiguse udongo huo ukiwa umelowa, hata kwa kifaa bora namna gani.

Namba tatu: fremu ya bledi mbili, futi 5

Ni nzuri kwa barabara ambayo tayari ina umbo. Huteleza juu ya vyuma viwili vya pembeni, hivyo hata dereva mgeni haharibu. Kuhamisha udongo mwingi haiwezi.

Bledi au boksi la futi 7 ningewaachia wenye trekta za nguvu farasi 35 kwenda juu zenye uzito wa kutosha.

Unapokagua, beba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Pini zinazofunga kifaa kwenye trekta ndogo nyingi ni za unene wa milimita 22 chini na 19 juu. Ukiuziwa kifaa cha pini za 28, hazitaingia. Trekta zilizotumika kutoka Japani wakati mwingine zina vipimo vyake, kwa hiyo pima mwenyewe matundu ya pini kwenye mikono ya nyuma ya trekta yako. Angalia pia kama makali, yaani ukingo wa chini unaokata udongo, yamefungwa kwa bolti. Yakiwa hivyo, yakiisha upande mmoja unayageuza, na siku yakiisha kabisa unanunua kipande tu. Ukitengenezewa na mafundi wa jua kali, mwambie fundi mapema atoboe matundu ya bolti, maana wengi huchomelea makali moja kwa moja na kuyatoa baadaye ni kazi ya grainda ya mchana kutwa.