Kwa fayawoli, toa ntpd weka chrony

Naanza na jibu ili asiyetaka maneno mengi aishie hapa: kama fayawoli yako (boksi linalolinda mtandao wako) bado inasawazisha saa kwa ntpd ya zamani, programu inayochukua saa sahihi kwenye seva za mtandaoni kwa njia ya NTP, na unatafuta ya kuweka badala yake, weka chrony, nayo inafanya kazi hiyohiyo.

ntpd sio mbovu jamani, ni kazi ya David Mills na imebeba saa za intaneti miaka na miaka, shida ina mambo mengi mno ambayo fayawoli haiyahitaji. Hata ukiwa klaenti tu, yaani unachukua saa bila kuwagawia wengine, inakaa imefungua poti 123 ya UDP. Wanaokumbuka monlist, amri ya ntpd ya kuorodhesha waliowasiliana nayo, wanajua, swali dogo linarudisha majibu kibao, mwaka 2014 wahuni wakaitumia kufanya shambulio lililokaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Tundu hilo lilishazibwa, sawa, ila chrony haifungui hiyo poti kabisa mpaka uandike mwenyewe allow na mtandao wako wa ndani, angalia kwa amri ya ss -lun inayoorodhesha poti za UDP zilizo wazi, utaona.

Ila mimi iliyonimaliza ni pale boksi linapowaka. Haya maboksi madogo mengi hayana betri ya saa, umeme ukikatika linarudi na tarehe ya ajabu, hapo VPN inakataa vyeti, zile namba za kuingilia zinazobadilika kila sekunde 30 hazikubali, logi ndo usiseme. ntpd ikikuta tofauti imezidi sekunde 1000 inajizima, labda uwe umeiwasha na -g, na ikiamua kuivuta saa polepole mwisho wake ni 500 ppm (sehemu 500 kwa milioni), yaani sekunde moja tu inakula zaidi ya nusu saa!! Kwenye chrony unaandika makestep 1.0 3, basi, kwenye masahihisho matatu ya mwanzo kama saa imepotea zaidi ya sekunde moja inairusha papo hapo, baada ya hapo inavuta taratibu bila kushtua programu zingine.

Angalizo kwa wanaokimbilia NTS, ulinzi wa NTP unaotumia vyeti: cheti kinakaguliwa kwa tarehe, na tarehe ndo hiyo huna. DNSSEC, ulinzi wa majina ya mtandaoni, nayo vilevile, saa ikiwa mbovu majina ya seva hayapatikani, majina yasipopatikana saa hairekebiki, mnazunguka tu. Weka seva moja kwa namba ya IP, au tumia nocerttimecheck 1 (chrony isikague tarehe ya cheti mwanzoni) ukijua unachofanya, maana unalegeza ulinzi kidogo.

Zingine? OpenNTPD naipenda, konfigi mistari michache, imetoka kwa watu wa OpenBSD kwahiyo usalama wameuwaza tangu mwanzo, na inaweza kulinganisha saa na seva za HTTPS. Ila haina NTS wala funguo za uthibitisho na usahihi wake ni wa kawaida. systemd-timesyncd ni klaenti tu, kompyuta za ndani hazipati kitu kwake, kwa fayawoli sioni ya nini. NTPsec, iliyotokana na ntpd yenyewe, inamfaa mwenye ntp.conf (faili la konfigi la ntpd) ndefu asiyetaka kuandika upya.

Usumbufu wa chrony ni mmoja, skripti zako zote za ntpq, amri ya kuiuliza ntpd hali yake, zinakufa, unahamia chronyc tracking na chronyc sources. Na poti 323 ya amri, japo kwa kawaida inasikiliza ndani ya boksi tu, mimi naifunga kwa cmdport 0, chronyc kwa root (msimamizi mkuu) inaendelea kupiga kazi kupitia soketi yake.