Gemu ya dola 70: kabla ya kuinunua, jua kama utaweza kuiuza

Lalamiko linalojirudia ni hili: mtu kalipa, kafungua kasha, ndani hamna diski. Kuna kikaratasi chenye msimbo wa kupakulia. Ukishauingiza, gemu imefungwa kwenye akaunti yako, huiuzi wala huiazimishi. Kwa hiyo picha na kasi tuziache. Hapa napanga njia za kununua, bora kwanza, kwa swali moja tu: ukimaliza kucheza, mkononi kinabaki nini?

1. Diski ya mtumba. Chukulia umeinunua dola 40, ukaiuza 28: umeicheza kwa 12. Kabla ya kulipa, iinamishe chini ya taa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi hausumbui. Mbaya ni ule unaofuata mzunguko, maana unaharibu data mfululizo, zaidi ya mashine inavyoweza kusahihisha. Kwenye Blu-ray, aina ya diski za konsoli kama PS5, data iko milimita 0.1 tu chini ya uso. Ukiona ufa kwenye tundu la katikati, irudishe.

2. GOG, duka la mtandaoni la gemu, kwa wenye kompyuta, na sifichi kwamba naipendelea. Kuuza tena hakuna, ila unapakua faili la kusakinishia lisilo na kufuli la kidijitali, unalihifadhi mwenyewe, na una siku 30 za kudai pesa zako. Steam, duka jingine la aina hiyo, inatoa siku 14, tena uwe umecheza chini ya saa 2. Kote huko, subiri punguzo.

3. Diski mpya. Iwe tu kama utaimaliza na kuiuza kabla bei haijaporomoka.

4. Kadi-ufunguo ya Switch 2, konsoli ya Nintendo. Gemu haimo kwenye kadi. Unaipakua kwa intaneti, na kadi lazima ikae kwenye mashine kila unapocheza. Angalau inauzika. Alama ya ufunguo iko chini, mbele ya kasha.

5. Msimbo ndani ya kasha. Acha.

Misimbo ya bei ya kutupa kutoka kwa watu usiowajua: mingine imenunuliwa kwa kadi za wizi, na hufutwa.

Sasa hawa wauzaji. Kwenye gemu mpya duka hubaki na takriban asilimia 20. Kwenye mtumba, ripoti za GameStop, kampuni ya maduka ya gemu ya Marekani, za miaka ya 2010 zilionyesha zaidi ya 40. Ndiyo maana mtumba huwekwa bei pungufu kidogo tu kuliko mpya, huku aliyeuleta kalipwa kiduchu. Ya kupakua nayo haina plastiki, haina lori, haina rafu, na bado huanza kwa bei ileile ya diski. Duka la mtandaoni kwa kawaida linakata asilimia 30, na mchapishaji hataki kuyaudhi maduka yanayouza konsoli na makasha yake. Kinachookolewa hakikufikii wewe.

Ukipeleka diski yako kuuza, uliza kwanza bei ya taslimu. Ya vocha huwa kubwa zaidi, lakini inatumika kaunta hiyohiyo tu.