Nilisomea udula, na swali moja nikajibiwa "usituletee mkosi"

Jamani kozi yenyewe imeisha kitambo ila hasira bado ninazo. Nilisomea udula, yaani yule anayekaa na mama kwenye uchungu mwanzo mwisho, anamkanda, anamshika mkono, anamkumbusha kupumua, hapimi njia wala hasikilizi mapigo ya mtoto maana hiyo ni kazi ya mkunga. Mambo ya masaa na ratiba mtajisomea kwenye tangazo lao, mimi nina langu moja.

Siku hiyo nikanyoosha mkono nikauliza, mwalimu, mama akishaambiwa mapigo ya mtoto hayapo na bado inabidi asukume, mimi dula nakaa wapi, nasema nini? Akaniangalia, "dada, usituletee mkosi hapa", akaenda slaidi inayofuata. Wawili wakacheka.

Sikuuliza kwa uchokozi. Dada yangu yalimkuta hayo, watu wote wakatoka chumbani wakamwacha anatazama ukuta, na mpaka leo akisimulia hasemi habari za maumivu, anasema hakuna aliyebaki. Ndo sababu nikaja kusomea hii kazi! Halafu huyo huyo mwalimu ndiye aliyetutambia ule uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za afya na kuzipima kwa pamoja, wanawake zaidi ya 15,000, kwamba mama akiwa na mtu wa kukaa naye muda wote uwezekano wa kuzaa kawaida unaongezeka na uchungu unakuwa mfupi, akatuonyesha na WHO walivyopendekeza 2018 kila mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe pembeni yake. Kila mama si ni pamoja na yule ambaye mtoto wake hatalia?

Sasa nisimdhulumu, vitendo anavijua na alitufundisha kwa moyo. Mama wangu wa kwanza mtoto alikaa vibaya, kisogo kimeelekea mgongoni kwa mama, uchungu wote ukashukia kiunoni, basi kila ukija nambana nyonga kwa viganja pande zote mbili kama tulivyofundishwa, ukiachia nampa maji, mikono ikafa ganzi kabisa. Alipoanza kutetemeka na kutapika na kusema siwezi tena nirudisheni nyumbani, sikushtuka, maana tulishaambiwa hapo mara nyingi njia inakaribia kufunguka yote. Mtoto akalia, mama akanikumbatia shingo hataki kuniachia, nikalia na mimi. Siku hiyo nilimsamehe mwalimu na nyota nne nikampa.

Muda si mrefu nikaitwa kwa mama mwingine, na huyu mapigo hayakupatikana. Nilibaki. Lakini nilibaki kama mti, mdomo mkavu, sijui niseme nini, mpaka mkunga akaninong'oneza: muulize kama anataka kumshika mwanawe, kama ameshampa jina mwite kwa hilo jina, na usije ukamwambia atapata mwingine. Maneno hayo hayafiki hata dakika moja, na mimi nimemaliza kozi nzima na cheti nimepewa bila kuyasikia!

Nyota nne nimezifuta, nimeacha mbili. Sijui, labda tatu kwa ajili ya yale mafunzo ya mikono, maana kwa kweli yanasaidia. Hapana, mbili. Unayetaka kusoma pale nenda, ila kabla hujalipa waulize swali langu, na wakisema mkosi ondoka.